Ruta moja, milango sita

Asubuhi pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, boti za kutoka visiwani zikishusha dagaa na makuli wakipishana na magunia, karibu kila mfuko wa suruali una simu, na nyingi ni Android. Mwenye simu anadhani simu yake imelala mfukoni. Inawezekana haijalala. Inasikiliza Bluetooth ya vifaa vilivyopotea vya watu asiowajua, na ikisikia kimoja inaipelekea Google taarifa kwamba kifaa hicho kimesikika hapa, saa hizi. Inatumia bando la mwenye simu, kidogo sana, na chaji yake, kidogo sana vilevile. Google ilizindua mtandao huo Aprili 2024, ikaanzia Marekani na Kanada, kisha ikausambaza kwingine. Siku hizi unaitwa Find Hub.

Kama unataka kujua simu yako imo au haimo, fungua mipangilio, ingia upande wa Google, tafuta sehemu inayohusu kutafuta vifaa visivyo na intaneti. Utakuta ngazi kadhaa, kuanzia kuzima kabisa mpaka kushiriki kila mahali. Iliyowekwa tangu mwanzo, kabla hujagusa chochote, ni ya kushiriki kwenye maeneo yenye watu wengi.

Na mtandao wenyewe haukusukwa vibaya. Taarifa ya mahali kifaa kilipo inafungwa kwa ufunguo ambao uko kwa mwenye kifaa, na Google inasema yenyewe haiwezi kuisoma. Kwa mpangilio ule wa mwanzo, ushahidi wa simu moja hautoshi. Sharti simu kadhaa ziseme zimekisikia kifaa kilekile. Kwa hiyo mtu anayepita peke yake kwenye kijia cha katikati ya miamba kule Bwiru hageuzwi shahidi bila kujua. Aliyelifikiria hilo alitumia akili. Ila zunguka pale sokoni uwaulize watu nani aliwaomba simu zao, uone watakavyokutazama.

Nimekuwa nikilichekecha jambo hili kwa muda, kwa sababu kwenye ukoo wetu mimi ndiye ninayepigiwa simu kila chombo cha umeme kikigoma. Kaka yangu mkubwa anaishi Texas na familia yake. Siku moja alinitumia picha ya skrini yenye neno Sidewalk, na chini yake swali: “Mdogo wangu, hiki nikizime au nikiache?”

Sidewalk ni ya Amazon, na inafanya kazi huko Marekani. Ilipowashwa tarehe 8 Juni 2021, baadhi ya spika za Echo na kamera za Ring ambazo tayari zilikuwa majumbani kwa watu ziligeuka kuwa vituo. Zinamega kipande cha intaneti ya nyumba na kukigawa kwa vifaa vya karibu, viwe vya mwenye nyumba au vya jirani: taa ya getini, kitasa cha mlango, kidude cha kutafutia funguo. Kwa karibu zinatumia Bluetooth. Kwa mbali zinatumia masafa ya megahezi 900, ambayo Amazon inasema yanaweza kufika nusu maili, yaani kama mita 800. Hiyo inatosha kuvuka paa nyingi sana za mtaa wa Mabatini. Kipande chenyewe kimewekewa mipaka: kilobiti 80 kwa sekunde, na jumla megabaiti 500 kwa mwezi kwa akaunti moja. Huwezi kuangalia video kwa kasi hiyo. Asiyetaka ilibidi aingie mwenyewe kwenye apu na kuizima. Aliyekaa kimya alihesabiwa amekubali.

Kaka aliogopa kile ambacho wengi wangekiogopa. “Sasa jirani ataingia kwenye kompyuta yangu?” Hapana. Ujumbe wa taa ya jirani unapita kwenye spika yako ukiwa umefungwa kwa fumbo tabaka juu ya tabaka, unakwenda moja kwa moja kwenye mitambo ya Amazon. Jirani hapati paswedi yako. Haoni tivii yako wala kompyuta ya watoto. Hawezi kufungua tovuti kwa jina lako. Wewe nawe huoni cha kwake. Kwa upande wa ufundi, ni kazi ya watu wanaojua wanachofanya, na mtu akiniambia Sidewalk ni mlango wazi wa wezi namwambia hajaisoma.

Kilichonisumbua kiko kwingine. Kufunga ujumbe njiani kunamzuia wa njiani. Hakumzuii anayeupokea. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliifikisha Ring mahakamani, kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.8, na katika madai ya tume kulikuwa na habari ya mfanyakazi aliyetazama maelfu ya video za wateja wanawake mwaka 2017, nyingine za vyumbani. Ni haki kusema kwamba wakati huo Amazon ilikuwa bado haijainunua Ring, na kwamba zile zilikuwa picha za kamera, hazikupita Sidewalk. Lakini ona palipovuja. Hakuna aliyevunja fumbo. Mtu alikaa kwenye kiti chake cha kazi, akafungua, akatazama.

Nikamwambia kaka: zima, mpaka siku utakapokuwa na kifaa kinachoihitaji. Sikumwambia hivyo kwa sababu ya kilobiti.

Maana suala la kugawana intaneti ya nyumbani si la jana. Mwaka 2005 kule Hispania ilianzishwa kampuni inaitwa Fon. Unachukua ruta yao, unaweka nyumbani, inatoa waifai mbili: moja ya kwako, nyingine ya wanachama wenzako wanaopita. Nawe ukisafiri unatumia ya kwao. Anayejiunga anajua anajiunga na nini, na anajua atapata nini. Miaka kama minane baadaye Comcast, kampuni kubwa ya intaneti ya Marekani, ilianza kufanya jambo linalofanana kwa kutumia ruta ambazo wateja walikuwa wamekodishwa na tayari ziko sebuleni kwao. Zikaanza kutangaza waifai ya pili kwa ajili ya wateja wengine wa kampuni. Mwaka 2014 wateja wa California waliishtaki, wakilalamika kwamba hawakuombwa ruhusa na kwamba umeme unaotumika ni wao. Kisha Microsoft, kwenye Windows 10 ya mwaka 2015, ikaleta kitu cha kuwaruhusu marafiki zako wa Outlook, Skype na Facebook waingie kwenye waifai unayoishiriki bila kuwatajia paswedi. Na hapa pana kichekesho: mwenye waifai asiyetaka mgeni wake aigawe zaidi alitakiwa abadilishe jina la waifai yake, aongezee humo neno la kujitoa. Yaani uandike kwenye ukuta wa nyumba yako kwamba hutaki kuingiliwa. Mwaka uliofuata Microsoft wakaiondoa, wakasema walioitumia ni wachache.

Ufundi wa Fon na ule wa Comcast ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja alibisha hodi, mwingine alikutwa sebuleni.

Sasa nije kwetu, maana huku ndiko kwenye shughuli.

Tunakaa Nyegezi, mlimani, ndani ya geti moja. Milango sita, pamoja na wa mama mwenye nyumba. Nyumba zetu zimejipenyeza katikati ya mawe kama kawaida ya Mwanza, na jiwe la Mwanza halina mchezo na waifai: mlango wa sita uko nyuma ya jabali, na kule mistari inabaki miwili, siku za mvua mmoja. Ruta iko dirishani kwa mama. Ni ile ya laini ya simu, ya kuchomeka na kutumia. Kila mlango unachanga mwisho wa mwezi, mama anakusanya na kulipia. Aliyewahi kupanga nyumba yenye LUKU moja anazijua kelele za mpango wa namna hii: mwenye friji na pasi anachanga sawa na mwenye taa moja, na siku yuniti zikiisha saa tano usiku kila mtu anamtazama mwenzake. Ya waifai ni hiyohiyo, isipokuwa mita ya LUKU haikuonyeshi jirani anapika nini. Waifai inaonyesha.

Tuliligundua hilo siku ya mechi ya watani. Kijana wa mlango wa nne alitaka kurusha mpira kutoka kwenye simu kwenda kwenye tivii yake. Simu ikamletea orodha ya tivii zote za ndani ya geti, akagusa jina lisilo lake. Mama wa mlango wa pili alikuwa na wageni wa jumuiya sebuleni, wanasikiliza kwaya kwa utulivu. Kwaya ikakatika, zikaingia jezi nyekundu na za kijani. Wageni walicheka. Mama mwenyewe hakucheka sana, akaja kuniuliza: “Baba, kama anaweza kuleta mpira kwangu, hawezi kuchukua cha kwangu?”

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule, na jibu lake lina sehemu mbili.

Ruta ya nyumbani imetengenezwa ikiamini kwamba wote wenye paswedi ni watu wa familia moja. Haijui mlango wa pili na wa nne. Kwa hiyo tivii inajitangaza kwa kila simu, printa inamkubalia yeyote, na folda iliyoachwa wazi kwenye kompyuta inaonekana kwa wote. Apu za bure za kukagua mtandao zinakuorodheshea vifaa vyote vilivyomo pamoja na majina yake. Watu wengi wanaacha simu itumie jina walilopewa wakati wa kuiwasha, ambalo mara nyingi ni jina lao halisi. Ukikaa na orodha ile kwa siku chache unajua nani yuko nyumbani, nani ametoka, na saa ngapi mgeni wa mlango wa tano anaondoka. Hakuna udukuzi hapo. Ni kuangalia tu.

Sehemu ya pili inatuliza kidogo. Mnaotumia paswedi moja kwenye waifai ya kawaida ya nyumbani, mwenye ujuzi akinasa mawasiliano wakati simu yako inajiunga, anaweza kulifungua lile fumbo la waifai. Lakini chini yake kuna fumbo jingine, la tovuti yenyewe, ambalo utalijua kwa anwani ya tovuti kuanza na https. Meseji zako za WhatsApp hazisomi. Salio la benki halioni. Anachoweza kupata mara nyingi ni majina ya tovuti na huduma unazozitembelea, na saa. Nilimwambia mama wa mlango wa pili hivyo, akatulia. Kisha akaniuliza kama na majina ya tovuti za kutafuta ugonjwa nayo yanaonekana. Nikamwambia yanaweza kuonekana. Hakuendelea na maswali.

Halafu kuna paswedi yenyewe. Ilikuwa ileile ya kiwandani, kwenye karatasi iliyobandikwa tumboni mwa ruta. Walioipata ni wapangaji, watoto wa wapangaji, wanafunzi wa chuo waliokuja kumtembelea mpwa wa mama likizo, fundi wa king’amuzi, na kila mpangaji aliyewahi kuhama. Na waifai yenyewe inamfikia bila taabu hata anayekaa barabarani nje ya ukuta. Simu haisahau paswedi ya waifai. Ukipita tu karibu inajiunga yenyewe.

Na laini iliyo ndani ya ile ruta ni ya mama mwenye nyumba. Tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, laini inamjua mwenyewe kwa kidole na kitambulisho cha taifa. Kwa nje, milango yote sita ni mtu mmoja. Mmoja wetu, au rafiki wa mpwa aliyesimama nje ya ukuta, akitumia waifai ile kutapeli watu au kutukana watu kwa akaunti ya bandia, kosa likichunguzwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, huenda atakayefuatwa kwanza ni mama, mwenye umri wa kuitwa bibi, ambaye hata kuweka picha kwenye status anaitiwa mjukuu. Atajieleza, na huenda ataeleweka. Lakini atajieleza.

Sasa ukiziweka mbili hizi pamoja, Sidewalk ya kaka na waifai ya geti letu, kwa ufundi hazilingani hata kidogo. Ya kaka ina tabaka za fumbo, ina kipimo, jirani hafiki kwenye kompyuta yako wala hatumii jina lako kwenye intaneti. Yetu ina karatasi iliyobandikwa tumboni mwa ruta. Mhandisi yeyote atakwambia aliyeko kwenye hatari ni mimi, na atakuwa amesema kweli. Hata hivyo ile nilimshauri kaka aizime, na hii naichangia kila mwezi na nitaendelea kuichangia.

Nimejihoji kama huo si ushabiki tu wa cha nyumbani. Sidhani. Ninayegawana naye waifai hapa najua analala wapi. Nikiona jambo silipendi naenda kugonga mlango jioni, tunaongea, tunabadilisha paswedi, au mimi najitoa na kununua bando langu. Masharti yetu hayabadiliki usiku kwa taarifa ya barua pepe. Upande wa kampuni, leo ni taa na vitasa, na kwa leo maelezo yao nayakubali. Lakini mwaka 2023 Amazon iliufungua mtandao ule kwa watengenezaji wengine na kutangaza kwamba unawafikia zaidi ya asilimia 90 ya watu wa Marekani. Ulifika huko kwa sababu watu wengi hawakugusa kitufe. Kesho ukibebeshwa kazi nyingine, atakayeamua si yule mwenye spika mezani.

Nikiishia hapo nitakuwa nimewasifia majirani kupita kiasi. Kujua mtu analala wapi ni jambo la pande mbili, naye anajua unapolala. Vifaa vya kutafuta vitu vilivyopotea vimetufundisha hilo mapema. Apple ilipotoa AirTag Aprili 2021, haikuchukua muda watu wakaanza kuvikuta kwenye mikoba na magari yao, vimewekwa na wapenzi wa sasa au wa zamani. Ilibidi Apple na Google wakae pamoja, na Mei 2024 simu za pande zote mbili zikaanza kumwonya mwenye simu kwamba kuna kifaa kisicho chake kinachotembea naye. Onyo hilo halikutengenezwa kwa ajili ya wadukuzi wa mbali. Lilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayekujua jina.

Hata hapa kwetu tabu kubwa haikutoka nje ya ukuta. Mlango wa tatu anakaa dada mmoja muuguzi, anaingia zamu za usiku. Mama mwenye nyumba alikuwa ameweka kamera baada ya pampu ya maji kuibiwa, na kila mtu alifurahi. Kamera ilifungwa juu ya nguzo ya baraza, ikatazama uwanja mzima: geti, tangi, kamba za kuanikia nguo, na milango mitatu ya mwanzo. Apu yake haikuwa kwenye simu ya mama, maana simu ya mama ni ndogo. Ilikuwa kwenye simu ya kijana wake. Kila kitu kikisogea, simu ya kijana inalia na kipande cha video kinakuja.

Dada alinisimamisha kwenye ngazi za mawe, ndoo mkononi, akaongea kwa sauti ya chini. Kijana alikuwa amezoea kumsalimia kwa habari zake mwenyewe. Dada leo umechelewa. Dada jana ulirudi na bajaji nyingine. Dada ile kanga ya njano imekupendeza. Kijana hana ubaya, alisema, ni utani. Ila kanga ya njano hakuwa ameivaa kutoka. Alikuwa ameivaa kwenda kuanua nguo saa kumi na moja alfajiri.

Tanzania sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tuna tume ya kuisimamia. Moja ya misingi yake ni kwamba anayekusanya taarifa za watu azikusanye kwa sababu inayojulikana na asizitumie kwa jambo jingine. Na juu ya sheria hiyo kuna ibara ya 16 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya faragha ya nafsi yake, familia yake na maskani yake. Ni mambo mazuri kuyajua. Lakini huendi kwa mama mwenye nyumba na ibara. Unakwenda jioni, baada ya chai.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Waifai imekata?”

“Haijakata mama. Nimekuja kwa ajili ya kamera. Ile pampu mwizi aliipitisha wapi?”

“Getini. Angepitia wapi tena, na mawe haya?”

“Basi nilikuwa nafikiri kamera tuigeuze itazame geti na tangi, iachane na milango. Wako wanaopita pale na kanga, mama.”

Alinyamaza kidogo. Akaniuliza nani kalalamika. Nikamwambia mimi, maana hata mimi napita pale na taulo. Alinitazama kwa muda mrefu kidogo, na nadhani alijua. Kesho yake aliita fundi, kamera ikageuzwa. Apu ikahamishiwa kwenye simu kubwa ya zamani ambayo kijana alikuwa ameiacha, inakaa kwa mama juu ya kabati, inalia huko. Kijana alinuna kama wiki hivi.

Tulipokuwa tumeshashika bisibisi tukafanya na mengine. Paswedi mpya, ndefu, haikuandikwa popote. Kile kitufe cha kuunganisha bila paswedi, kinachoitwa WPS, tukakizima, kwa sababu ile namba yake ya tarakimu nane ina udhaifu ulioanikwa hadharani tangu mwaka 2011. Jina na paswedi ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta tukavibadilisha, vilevile vya kamera. Hili la mwisho nawasihi msilichukulie kama usafi tu. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilizunguka duniani kikijaribu orodha ya majina na paswedi za kiwandani, kama sitini hivi, kwenye kamera na ruta. Vilivyokubali viligeuzwa jeshi, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo liliishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikizielekeza kompyuta zilipo tovuti, mpaka Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa sehemu kubwa ya Marekani. Vifaa viliendelea kumfanyia mwenyewe kazi yake kama kawaida. Ndiyo maana wenye navyo hawakujua.

Wapangaji wote tuliwekwa kwenye mtandao wa wageni wa ile ruta, tukawasha kipengele cha kutenganisha vifaa, ili kila kifaa kione intaneti na kisione kifaa cha mwenzake. Mama akabaki na mtandao wake na kamera yake. Mpira haukuingia tena kwenye kwaya. Lakini simu ya mtu nayo ikaacha kuiona tivii yake mwenyewe, iliyo hatua mbili kutoka kitandani, na malalamiko yakaanza siku ileile. Mlango wa nne akatatua kwa kununua ruta ndogo ya mkono wa pili kule mjini, akaiunganisha nyuma ya ile kubwa, vifaa vyake vikajificha humo na kuonana vyenyewe kwa vyenyewe. Wa pili akamfuata. Mimi bado sijanunua. Naangalia sinema kwenye simu. Mlango wa sita, nyuma ya jabali, amesema hayo yote hayamhusu mpaka apate mstari wa tatu.

Wiki iliyopita mama alikuja na boksi. Ni swichi ya pampu, ya kuunganisha kwenye waifai na kuwashia kwa simu, kwa sababu maji yetu huja usiku wa manane na amechoka kuamka. Mwenye apu ya swichi ile ndiye atakayekuwa anajua maji yamekuja, na ndiye atakayeamua tangi lijae saa ngapi. Mlango wa tano amependekeza ishikwe kwa zamu, mwezi huu huyu, mwezi ujao yule. Kijana wa mama amejitolea aishike yeye. Muuguzi amesema yeye usiku yuko macho kazini, kwa hiyo apewe. Mama amesema pampu ni yake, na kikao ni Jumapili baada ya misa ya pili.